Wanaanza na Paa

Sanduku langu la zana nililiacha Malava
ndani ya nyumba ya Bi. Khasandi, iliyofika kwenye linta ikakoma,
kwa kuwa malipo ya miwa yalikwama
na saruji haikopeshwi mara tatu.
Mwiko, timazi, pima maji, kamba yenye mafundo:
nilifunga kifuniko, nikaenda kutafuta kibarua Webuye.

Wiki tisa. Niliporudi, sanduku lilikuwa linavuma.

Shikanga, mfuga nyuki wa ng'ambo ya mto Lusumu,
alikuja usiku na moshi wa magunzi.
Usiinue kifuniko, alinionya,
nyumba yao imening'inia hapo.
Akabandua ubao wa ubavuni, polepole,
kama mtu anayemvua mtoto shati akiwa usingizini.
Tazama, fundi. Hawa wenzako.

Walikuwa wameshikana mguu kwa mguu,
mnyororo ukishuka kando ya mnyororo,
wametulia, wakisubiri jambo lililo ndani yao.
Wasichana wa wiki mbili, alinong'ona Shikanga.
Wameshiba asali hadi kooni,
wananing'inia katika joto la miili yao
mpaka tumbo litoe jasho lisilo maji:
vigamba vinane, vyembamba kuliko ganda la kitunguu.
Nyuki hukivuta kigamba kwa mguu wa nyuma,
akakipeleka mdomoni, akakitafuna na mate
hadi kilichokuwa kioo kiwe udongo mweupe.
Akakibandika. Akaondoka.
Mwingine akaja akakisawazisha
bila kuuliza nani aliiweka kozi ya kwanza.

Sikuona msimamizi. Sikuona ramani
iliyokunjwa mfukoni ikaloa.

Miaka ishirini na miwili nimejenga kutoka chini,
msingi, jiwe juu ya jiwe,
paa likiwa dua ya mwisho.
Wao wanaanza na paa.
Wanashuka.
Timazi yangu ilikuwa imelala mle ndani, haina kazi,
na kila sega lilikuwa timazi.

Pembe sita, pembe sita,
ukuta mmoja kwa majirani wawili,
na kila chumba kimeinamishwa nyuma kidogo tu
asali isije ikamwagika.
Mimi mwinamo nilifundishwa kwa kofi,
na ulikuwa wa mfereji wa choo.

Nikauliza bei. Mtu wa mjengo lazima aulize bei.
Kilo moja ya nta, alisema,
inakula asali kilo sita, saba, labda zaidi;
wao wenyewe hawajawahi kutuandikia risiti.

Nikanyamaza hapo.

Tangu utotoni nimesikia: nta si asali.
Husemwa kwa dharau, sega likishatafunwa likatemwa.
Na ni kweli, nta si asali.
Lakini ilikuwa.

Mwaka niliokwenda kujifunza uashi
mama alikunywa chai kavu, bila sukari,
katikati ya nchi ya miwa,
akasema daktari amemkataza.
Hapakuwa na daktari.
Nilijua nikiwa na umri gani? Thelathini? Zaidi.
Nilikuwa juu ya jukwaa, nikipiga lipu ukuta wa mtu,
ikanijia tu, mwiko ukabaki hewani.

Bi. Khasandi alilipwa mwezi wa nane.
Shikanga akawahamisha nyuki mzingani,
sega kwa sega, akizifunga kwa nyuzi za katani,
akanirudishia zana zangu katika gunia.
Pima maji ilinuka maua nisiyoyajua.
Mpini wa mwiko ulikuwa na nta, donge la njano,
limeshika kuni kama lilizaliwa nayo.

Sijalikwangua.
Asubuhi huwa gumu, linaniumiza kidogo.
Ikifika saa nne, mkono ukishapata moto,
linalainika,
linachukua umbo la kiganja changu.